Kambi Ikifungwa, Nani Anaingia? Suala la Kuondoa Jeshi la Kenya Somalia

Swali la kama Kenya iwarudishe nyumbani wanajeshi wake walioko Somalia lina umri unaokaribia ule wa operesheni yenyewe. Halijapata jibu kwa sababu moja kubwa: lengo la kwenda lilibadilika njiani mara kadhaa, na kila lilipobadilika, kipimo cha kazi kumalizika kilisogea nalo. Jeshi lililotumwa kukamata watekaji nyara lingerudi watekaji wakishakamatwa au wakishafukuzwa mpakani. Jeshi lililotumwa kusimamisha dola katika nchi ya watu haliwezi kujua ni asubuhi gani lifungashe virago.

Vikosi vya Ulinzi vya Kenya, KDF, vilivuka mpaka katikati ya Oktoba 2011 katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi, Mwai Kibaki akiwa rais. Majuma machache kabla yake, watu wenye silaha walishambulia hoteli ya Kiwayu, wakamuua mtalii Mwingereza na kumchukua mkewe. Oktoba mosi walimteka mwanamke Mfaransa katika kisiwa cha Manda, mkabala na mji wa Lamu, naye akafia mikononi mwao. Oktoba 13 wafanyakazi wawili wa misaada, raia wa Hispania, walitekwa katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Utalii wa pwani ulitikisika, na serikali ikatangaza kwamba inajilinda kwa mujibu wa Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa.

Hata hivyo utekaji haukuwa sababu pekee, na pengine haukuwa ile nzito zaidi. Kwa miaka kadhaa kabla ya 2011 Nairobi ilikuwa ikitafuta namna ya kuwa na ukanda wa kinga upande wa pili wa mpaka: eneo la Jubba lenye utawala rafiki, litakalowazuia wapiganaji wa al-Shabaab wasifike Garissa na Lamu na kupunguza mmiminiko wa wakimbizi. Dadaab, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya serikali ya Siad Barre wa Somalia kuanguka, ilikuwa na wakimbizi zaidi ya 400,000 katika mwaka ule wa njaa kali. Mogadishu yenyewe haikuupokea ujio wa Wakenya kwa kauli moja. Rais Sharif Sheikh Ahmed aliupinga hadharani, kisha mwisho wa mwezi uleule waziri mkuu wake alikuja Nairobi na pande mbili zikatoa tamko la pamoja la kuuunga mkono.

Mvua za vuli ziliwakuta wanajeshi wamekwama kwenye matope njiani kuelekea Afmadow, mji ambao haukushikwa hadi mwisho wa Mei 2012. Mwaka huohuo KDF iliingizwa rasmi katika AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika kilichokuwa Mogadishu tangu 2007 kikiongozwa na Waganda. Mwisho wa Septemba wanajeshi walitua ufukweni karibu na Kismayu, na siku chache baadaye bandari hiyo ilikuwa imewatoka al-Shabaab. Huo ndio uliokuwa wakati mwafaka wa kuuliza iwapo kazi imekwisha. Bandari iliyokuwa ikiwapa wapiganaji ushuru ilikuwa imeshikwa, na mpaka ulikuwa umesukumwa mbali. Swali hilo halikuulizwa kwa sauti ya kutosha, na vita vya kujilinda vikageuka kuwa kazi ya kulinda amani isiyo na tarehe ya mwisho.

Hoja ya kwanza ya wanaotaka jeshi lirudi inatokana na damu iliyomwagika ndani ya Kenya. Jeshi lilipelekwa ili wananchi walale salama, lakini miaka minne iliyofuata ilikuwa ya maafa. Septemba 21, 2013, watu 67 waliuawa Westgate, Nairobi. Juni 2014 ilikuwa zamu ya Mpeketoni na vijiji vya jirani katika Lamu, ambako waliokufa walizidi 60. Novemba mwaka huo abiria 28 walishushwa kwenye basi karibu na Mandera na kuuawa, na siku chache baadaye wachimba mawe 36 wakauawa katika kaunti hiyohiyo. Aprili 2, 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 walipoteza maisha, wengi wao wanafunzi. Al-Shabaab walitaja kuwapo kwa jeshi la Kenya Somalia kuwa sababu ya mashambulizi yao, na wapo Wakenya wengi walioona hesabu ni rahisi: ondokeni, yatakoma.

Hesabu hiyo ina ukweli, ila haijakamilika. Ni kweli kwamba nchi inayopeleka wanajeshi Somalia hulengwa. Uganda ililipia Julai 2010, mabomu yalipoua watu zaidi ya 70 Kampala waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Lakini ugaidi ulifika Kenya kabla ya Linda Nchi. Bomu la ubalozi wa Marekani la Agosti 1998 liliua watu zaidi ya 200 Nairobi, na Novemba 2002 hoteli ya Kikambala ikalipuliwa. Hayo yalifanywa na al-Qaeda, na Fazul Abdullah Mohammed, Mkomoro aliyesakwa kwa yote mawili, alikuwa akijificha Somalia hadi alipouawa Mogadishu mwaka 2011. Zaidi ya hapo, mtandao wa al-Shabaab umekwisha kuota mizizi ndani. Mmoja wa waliofyatua risasi Garissa alikuwa Mkenya mhitimu wa sheria, mtoto wa chifu wa Mandera. Aliyeongoza kundi lililoua watu 21 katika jengo la DusitD2, Januari 2019, naye alikuwa Mkenya. Vijana wa namna hii hawakuvuka mpaka kuja. Walizaliwa hapa, na kuondoka Kismayu hakutawafuta.

Basi damu ya nyumbani haithibitishi kwamba jeshi lirudi. Inathibitisha jambo jingine, nalo ni zito: ahadi iliyotolewa mwaka 2011, kwamba kupigana kule kutaleta utulivu huku, haikutimia kama ilivyotolewa. Serikali iliyoitoa ilipaswa kurudi kwa wananchi na kusema hivyo. Badala yake hasira ilielekezwa penginepo. Aprili 2014 msako ulioitwa Usalama Watch ulikusanya maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, na kuwafungia katika uwanja wa Kasarani. Raia waliozaliwa Kenya walitakiwa kuthibitisha kuwa ni Wakenya, na jamii ambayo polisi waliihitaji kuliko zote kwa habari za mapema ikajifunza kuwaogopa.

Kuna damu nyingine ambayo haijahesabiwa kabisa, nayo ni ya wanajeshi wenyewe. Alfajiri ya Januari 15, 2016, al-Shabaab waliivamia kambi ya KDF ya El Adde katika mkoa wa Gedo kwa gari lililosheheni baruti, kisha wakaingia kwa miguu na kuishika. Ndilo pigo kubwa zaidi lililowahi kulipata jeshi la Kenya vitani. Ni wangapi walikufa? Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia alitaja idadi inayokaribia 200. Wakuu wa jeshi la Kenya waliikataa, lakini hawakutoa yao. Mwaka mmoja baadaye kambi ya Kulbiyow ilishambuliwa, na mara hii idadi ya serikali na ile ya al-Shabaab zilipishana mno hata mwananchi akabaki bila pa kushika.

Wanaotetea ukimya huo husema kutaja idadi ni kumpa adui ushindi. Hoja hiyo haisimami. Adui alikuwa na idadi yake, na picha alizipiga mwenyewe. Aliyefichwa ni mzazi wa Nakuru au wa Kakamega, na pamoja naye mbunge anayetakiwa kuamua kama vita viendelee. Uganda imepigwa vibaya vilevile, lakini kambi yake ya Buulo Mareer ilipovamiwa Mei 2023, Rais Yoweri Museveni alitangaza siku chache baadaye kwamba wanajeshi 54 walikufa, na akasema makamanda waliowaamuru watu wao warudi nyuma wamekosea. Kusema kweli hakukuivunja Uganda. Mjadala wa kuondoka au kubaki ni mjadala wa gharama na faida, na Kenya imekuwa ikiuendesha huku safu ya gharama ikiwa imezibwa kwa karatasi.

Hoja ya kubaki ina nguvu yake, nayo inatokana na jambo ambalo Somalia imelionyesha tena na tena: kambi ikifungwa, kuna atakayeingia. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Ethiopia, na unastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu kila upande huutumia kwa nusu.

Desemba 2006 jeshi la Ethiopia liliingia Somalia kuiangusha Jumuiya ya Mahakama za Kiislamu, ambayo kwa miezi michache ilikuwa imeituliza Mogadishu. Mahakama zilisambaratika, lakini tawi lao la vijana wenye msimamo mkali likapata zawadi ambayo lisingeweza kuinunua: mvamizi mgeni, jirani ambaye Wasomali walipigana naye vita vikubwa vya Ogaden mwaka 1977. Al-Shabaab walikua kutokana na hasira hiyo. Ethiopia ilipoondoka Januari 2009, mambo mawili yalitokea ndani ya juma moja. Baidoa, mji uliokuwa makao ya bunge la mpito, ulianguka mikononi mwa al-Shabaab siku moja hivi baada ya Waethiopia wa mwisho kuondoka. Na Sharif Sheikh Ahmed, yaani Sheikh Sharif, aliyekuwa kiongozi wa zile Mahakama, akachaguliwa kuwa rais wa serikali iliyotambuliwa na dunia. Kuondoka kulitoa mwanya wa siasa ambao bunduki ziliuziba, na kulitoa mji ambao bunduki ziliulinda. Anayetaja Baidoa bila Sheikh Sharif anapunja mizani, na anayemtaja Sheikh Sharif bila Baidoa anafanya vilevile.

Mambo yaliyofuata yanaelekea zaidi upande wa Baidoa. KDF ilipoiacha El Adde siku chache baada ya shambulio, al-Shabaab waliingia. Ethiopia ilipoziacha kambi za Halgan na Tiyeglow mwishoni mwa 2016, bendera nyeusi ya al-Shabaab ilipanda palepale. Septemba 2023, ratiba ya kupunguza vikosi vya Umoja wa Afrika ilipokuwa ikiendelea, serikali ya Somalia iliomba isimamishwe kwa siku 90, baada ya jeshi lake kupigwa Cowsweyne na kurudi nyuma kutoka miji iliyokuwa imetwaa. Mwaka 2025 al-Shabaab walifanya mashambulizi makubwa katika mikoa ya Shabelle na kuuchukua mji wa Adan Yabal. Nani angesema, mbele ya mlolongo huu, kwamba mji wa mpakani wa Dhobley au Kismayu ingebaki salama ikiachwa ghafla?

Lakini mlolongo huohuo unauliza swali lisilowapendeza wanaotaka kubaki. Kama baada ya zaidi ya miaka kumi kila kambi inayofungwa hutwaliwa mara moja, kambi hizo zimejenga nini? Jimbo la Jubaland lina mikoa mitatu. Mmoja, Jubba ya Kati, wenye Bu'aale, uliotajwa kuwa mji mkuu wa jimbo, na Jilib, ambako al-Shabaab wameweka makao yao, haujawahi kukombolewa. Wapiganaji wanatoza kodi, wanaamua kesi za ardhi na kutoa hukumu zinazotekelezwa. Kuna wafanyabiashara katika miji ya serikali wanaowalipa wao na kuilipa serikali pia. Hayo ni mashindano ya utawala, na doria ya magari ya deraya haiwezi kuyashinda peke yake. Jeshi la kigeni linaweza kuwazuia al-Shabaab wasiingie mjini. Haliwezi kuwa hakimu wa mji huo, wala mtoza ushuru wake.

Katika Jubaland Kenya ina mkono zaidi ya ulinzi wa amani. Ahmed Madobe, aliyekuwa gavana wa Kismayu enzi za Mahakama za Kiislamu, alirudi mjini akiwa bega kwa bega na KDF, na tangu 2013 ndiye rais wa jimbo. Mogadishu imemtazama kwa jicho la shaka wakati mwingi, na Ethiopia pamoja na Kenya zimewahi kujikuta zikiunga mkono pande tofauti ndani ya kikosi kimoja cha Umoja wa Afrika. Desemba 2024, baada ya Madobe kujichukulia muhula mwingine, majeshi ya serikali ya shirikisho na yale ya Jubaland yalipigana Ras Kamboni, na mamia ya wanajeshi wa serikali walioshindwa walivuka kuingia Lamu na kusalimisha silaha kwa Wakenya. Risasi hizo zote zililipiwa kwa jina la kupambana na al-Shabaab.

Bandari nayo ilileta doa. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku makaa ya Somalia, kwa kuwa yaliwalisha al-Shabaab. Kismayu iliposhikwa, shehena kubwa za makaa zilikutwa zimerundikwa, na kwa miaka iliyofuata ziliendelea kupakiwa kwenda Ghuba. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliwahusisha maofisa wa KDF na biashara hiyo, Kenya ilikanusha. Hata anayeamini kanusho hilo atakubali kwamba meli hazikupakia makaa usiku mmoja bila walinzi wa bandari kuona. Kwa Msomali wa kawaida wa Kismayu, mlinda amani na mshirika wa mfanyabiashara walianza kufanana. Desemba 2020 Somalia ilivunja uhusiano wa kibalozi ikiishutumu Kenya kwa kuingilia mambo yake ya ndani, na juu ya hayo ukawapo mgogoro wa mpaka wa bahari, ambao Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliuamua Oktoba 2021 kwa kuipa Somalia sehemu kubwa ya eneo lililogombaniwa. Ni vigumu kuwa jirani mwenye kesi na mlinzi asiye na upande kwa wakati mmoja.

Nyuma ya haya yote kuna fedha, na fedha ndizo zimepanga ratiba kuliko hali ya vita. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukilipia posho ya askari wa AMISOM, dola 1,028 kwa mwezi kwa kila askari kabla ya serikali ya nchi yake kukata sehemu yake, hadi ulipopunguza mchango wake kwa asilimia 20 mwaka 2016. AMISOM ikawa ATMIS Aprili 2022, kwa ahadi ya kuondoka mwisho wa 2024. ATMIS ikawa AUSSOM Januari 2025, yenye wanajeshi na polisi wasiozidi 11,826, karibu nusu ya 22,126 walioruhusiwa mwaka 2013. Burundi haikuendelea. Mgao wa Kenya ulishuka hadi takriban 1,400. Azimio la 2719 la Baraza la Usalama, la Desemba 2023, lilifungua njia ya kulipia operesheni za Afrika kutoka mfuko wa michango ya lazima ya Umoja wa Mataifa, lakini Marekani ilikataa litumike Somalia, na kikosi kipya kilianza kazi kikiwa na madeni ya kile cha zamani. Ni kwa njia hiyo jeshi hupunguzwa bila mtu kuamua kwamba lipunguzwe, na huo ndio mtindo mbaya zaidi wa kuondoka: anayechagua siku ni mhasibu wa mji wa mbali.

Kisheria anayepaswa kuichagua anajulikana. Ibara ya 240 ya Katiba ya 2010 inalipa Baraza la Usalama wa Taifa mamlaka ya kupeleka majeshi nje kwa idhini ya Bunge. Mwaka 2011 Bunge liliidhinisha kujiunga na AMISOM mwezi Desemba, majuma kadhaa baada ya vifaru kuvuka. Tangu hapo suala limekuwa zaidi la mikutano ya hadhara. Muungano wa upinzani wa CORD ulidai katika mkutano wa Saba Saba wa 2014 kwamba jeshi lirudi, chini ya Raila Odinga, ambaye alikuwa Waziri Mkuu lilipovuka kuingia Somalia; serikali ya Uhuru Kenyatta ikajibu kwamba halirudi hadi Somalia itulie. Kauli zote mbili hazikuwa na kipimo. Bunge lingeweza kudai kila mwaka mambo manne: idadi ya waliokufa na waliojeruhiwa, gharama, kambi zilizokabidhiwa na zimekabidhiwa kwa nani, na sharti ambalo likitimia jeshi litaondoka. Bila hayo hakuna mjadala, kuna makelele.

Jeshi linapaswa kurudi, na lirudi kwa kambi, sio kwa kalenda. Kuondoka kwa vitendo ni kazi ya hatari kuliko kukaa. Kambi za mbele hutegemeana. Ikifungwa moja, msafara wa kuilisha inayofuata hupita barabara ndefu zaidi isiyo na jicho, na mabomu ya kutegwa barabarani ndiyo yameua wengi katika vita hivi. Wazee, wakalimani na vijana waliowahi kusaidia wanajeshi hubaki nyuma wakijulikana kwa majina. Kwa hiyo kila kambi inahitaji mrithi mwenye mishahara inayolipwa, na hapo siasa inarudi: mrithi wa Dhobley ni jeshi la Mogadishu au askari wa Madobe? Mpaka hao wawili wapatane, hakuna ofisa wa Kenya anayejua ufunguo wa lango ampe nani. Kazi ya kidiplomasia ya Nairobi ilipaswa kuwa kuwapatanisha. Kwa muda mrefu imeegemea mmoja.

Wenye hisa kubwa zaidi katika uamuzi huu ni watu wa Mandera, Wajir, Garissa na Lamu, ambao huulizwa mwisho. Ukanda wa kinga ulipaswa kuwa kwa ajili yao. Baada ya mauaji ya 2014 walimu waliotoka kaunti nyingine walianza kuhama kaskazini mashariki. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na wengine wengi wakaondolewa, shule zikabaki na wanafunzi bila wa kuwafundisha hisabati na sayansi. Mwezi huohuo kambi ya Manda Bay, yenye wanajeshi wa Kenya na wa Marekani, ilishambuliwa, umbali mfupi tu kutoka Lamu mjini. Operesheni ya kusafisha msitu wa Boni, iliyoanza 2015 na kupangiwa siku 90, iliendelea kwa miaka. Kwa watu hawa kikosi kilichoko Kismayu kina maana kikizuia kundi kuvuka usiku, na askari 100 wa akiba wenye redio na mafuta ya gari upande wa huku wangekuwa na maana ileile.

Mpaka wenyewe ulifungwa rasmi jeshi lilipovuka mwaka 2011, ingawa sukari, mifugo na ndugu wa ukoo mmoja hawakuacha kupita. Mei 2023 serikali mbili zilikubaliana kuufungua kwa awamu, kuanzia Mandera, kisha Liboi, kisha upande wa Lamu. Juni ilileta mashambulizi mengine Lamu na Garissa, na Julai Nairobi ikatangaza kwamba kufungua kumeahirishwa.